Rosina Hiza na Safari ya "Nimekuwekea Maji"

Leo, Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Bi. Rosina Hiza anastaafu baada ya kuitumikia Redio Njiapanda ya hapa Korogwe kwa miaka thelathini kasoro siku tatu. Aliajiriwa tarehe 3 Julai 1995 akiwa fundi mitambo msaidizi, na anaondoka akiwa Fundi Mkuu na mtunzaji wa maktaba yetu ya sauti. Mkurugenzi alijitolea kumwongezea hizo siku tatu ili hesabu itimie. Rosina alishukuru, akasema migomba yake kule Dindira haiijui hesabu hiyo, na watu wa palizi ameshawaita.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, Ramadhan Zaidi, kazi ya kuandika wasifu wake, na imenionya nisizidishe ukurasa mmoja. Nimewasikia. Lakini kamati haikukaa na huyu mama ofisi moja kwa miaka ishirini na miwili, ikamnywea chai yake, ikamharibia maktaba yake, kisha ikasamehewa. Mimi ndiye niliyeyafanya hayo yote, kwa hiyo kamati itanivumilia.

Rosina alizaliwa Dindira mwaka 1965, mtoto wa nne wa mchuma chai. Ufundi aliuanzia nyumbani. Siku moja baba yake alikwenda msibani, naye akaifungua redio ya baba, akaitazama ndani, akaifunga, na skrubu mbili zikabaki mkononi. Redio ikalia vizuri kuliko mwanzo. Zile skrubu alizificha ndani ya mto wa kulalia, na hakumwambia mtu habari zake mpaka alipopata nafasi katika chuo cha ufundi.

Alipofika hapa, kituo kilikuwa vyumba viwili nyuma ya ghala la mkonge, na ndani yake wanaume watano waliokubaliana kwamba msichana wa milimani atawafaa kwa kupika chai. Wiki ya pili mtambo ukazima katikati ya matangazo ya vifo. Mabwana wakasimama kuuzunguka, kila mmoja na nadharia yake. Rosina akaweka birika chini, akapita katikati yao, akanusa, akaenda moja kwa moja kwenye waya uliotafunwa na panya nyuma ya kabati. Matangazo yakarudi kabla maji hayajachemka. Tangu siku hiyo chai ilipikwa kwa zamu.

Wengi wenu mnamfahamu kwa amri zake za mlangoni: hakuna kuingia studio na funguo mfukoni, wala bangili, wala viatu vipya. Kiongozi mmoja, ambaye kwa heshima simtaji, alikuja mwaka 2009 na viatu vilivyolia kila alipopumua. Rosina alimwamkia vizuri, "Shikamoo mheshimiwa," kisha akanyoosha mkono avipokee hivyo viatu. Mheshimiwa alizungumza nusu saa nzima akiwa na soksi, na kidole gumba kimoja kikichungulia nje. Barua zilizokuja baadaye zilimsifu kwamba siku hiyo aliongea kwa unyenyekevu sana.

Yeye ni Mlutheri wa kwaya, lakini ratiba ya kufuturu ilibandikwa juu ya meza yake kila mwezi wa Ramadhani. Watangazaji Waislamu tulikuwa tukisahau saa kwa sababu ya njaa, yeye hakusahau. Mzigua mwenzangu mmoja wa Handeni aliniambia kwamba amefunga miaka ishirini na mitano kwa kumwamini Mshambaa. Nikamwambia hata mimi nimemwamini, na mimi nimemwona akila mchana.

Basi hayo ndiyo mambo ambayo kila mtu angeyaandika. Mimi nimeomba nafasi hii kwa sababu ya wimbo mmoja, kwa kuwa safari ya wimbo huo imepita mikononi mwa Rosina mwanzo hadi mwisho, na mahali ilipopotea njia ni mikononi mwangu.

Ilikuwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1996. Kikundi cha akina mama wa Kwamsisi walikuja kurekodi nyimbo zao kwa ajili ya kipindi cha wakulima. Walipomaliza, kaseti ilikuwa imebakiwa na dakika sita, na enzi hizo kaseti haikuachwa na nafasi tupu. Mmoja wao, mama mrefu wa miaka arobaini na kitu ambaye asubuhi nzima hakuwa amesema neno, akauliza kama anaweza kuimba peke yake. Rosina akamwambia asimame pale pale alipo, asisogee.

Bahati ilitaka kwamba ndani ya chumba kulikuwa na Bernardo. Huyu alikuwa fundi cherehani wa sokoni, mwenye kupiga gitaa na kinanda kwenye ukumbi wa dansi mwisho wa wiki, na siku hiyo alikuwa ameitwa kushona magunia ya katani yaliyotundikwa ukutani ili sauti isirudi. Mama alipoimba mstari wa kwanza, Bernardo akachomeka sindano kwenye gunia, akachukua gitaa lililokuwa pale. Mvua ya masika iliwakatiza mara mbili kwa kelele za bati. Mara ya tatu walifika mwisho, na ukisikiliza vizuri, matone ya kwanza ya mvua nyingine yanasikika kwenye sekunde za mwisho. Siku chache baadaye Bernardo akarudi, akaongeza kinanda chini yake, taratibu, bila mbwembwe.

Maneno yake mnayajua:

Nimekuwekea maji, yamepoa,
nimeyapasha tena.
Beseni la bluu liko uani,
kivuli kimelifikia.
Ukija umechoka usiseme neno,
nimekuwekea maji.

Rosina alichukua kalamu aandike lebo ya kaseti, akauliza jina la mwimbaji. Wenzake wakajibu kwa pamoja, "Andika Mama Sufiani." Akaandika hivyo. Mtu mzima mwenye mtoto humwulizi jina alilopewa na baba yake, labda uwe karani wa sensa. Rosina alikuwa na miaka thelathini na mmoja hivi, yule mama alikuwa mkubwa wake, na adabu ya huku kwetu ilimaliza swali.

Wimbo ukatoka siku ya Ijumaa kwenye kipindi cha salamu, na Ijumaa iliyofuata kadi za kuuomba zilijaa kikapu. Ulipigwa kwenye mabasi yanayosimama Segera. Ulipigwa harusini, bibi harusi akiingia. Kwenye kichenpati, makungwi waliutumia kumweleza mwari namna ya kumpokea mume anayetoka kazini: maji ya moto kwanza, maneno baadaye. Ninafahamu ndoa tatu zilizofungwa kwa wimbo huo, na mbili bado zipo. Kwa miaka minane watu waliuita wimbo wa Mama Sufiani, na hakuna aliyeona tatizo.

Sasa nifike kwangu. Mwaka 2004 tulipata kompyuta ya kwanza, na mimi, kijana mwenye mwaka mmoja kazini na cheti cha wiki sita, nikapewa kazi ya kuhamisha orodha ya kaseti. Nilitaka majina yapangike kwa alfabeti. Nikakuta nusu ya orodha iko kwenye herufi M: Mzee fulani, Mama fulani, Mwalimu fulani, Mchungaji fulani. Nikaona huo ni uchafu. Kwa mchana mmoja, nikiwa nimekunja mikono ya shati, nikafuta heshima za watu wote wa Korogwe na Handeni. Mwalimu Abdi akawa Abdi. Mama Sufiani akawa Sufiani.

Kuanzia hapo skrini ya studio iliandika "Sufiani, Nimekuwekea Maji", na sisi watangazaji tukasoma kilichoandikwa. Sauti ni ya mwanamke, kila mwenye masikio anaisikia. Hilo halikutusumbua, tulijieleza kwamba Sufiani ndiye mtunzi, na aliyeimba ni dada mmoja tu wa bendi. Wanaume tuna kipaji cha kujieleza. Mtangazaji mmoja akasema Sufiani alikuwa mpiga kinanda wa Tanga mjini. Mwingine akamwua kabisa, akamwita marehemu. Mimi, siku moja ya Idi, nikawatangazia wasikilizaji kwamba nimepata habari za uhakika kuwa mzee Sufiani anaishi Mombasa na anawasalimu.

Mtauliza Rosina alikuwa wapi. Alikuwepo, hedifoni kichwani. Lakini Rosina husikiliza sauti, hasikilizi maneno. Anaweza kukwambia kwamba mtangazaji ana mafua na asijue ametangaza nini. Alisikia "wimbo wa Sufiani" akadhani ni ufupisho wa mdomo, maana watangazaji ni watu wa haraka. Hakufungua kabati la kaseti za zamani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na sababu ya kulifungua.

Sababu ililetwa na Yordani, mwezi wa pili mwaka huu. Huyu ni kijana wa Segera aliyewahi kuwa utingo wa lori la Arusha. Dereva wake alikuwa na ugonjwa wa muziki wa kantri, ule wa magitaa ya kuvuta, fidla na hadithi za watu waliokosa kitu, na kwa miaka sita Yordani hakusikia kingine barabarani. Ameacha lori, amebaki na muziki. Anavaa kofia pana hata ndani ya nyumba. Msicheke, kule Dindira, Jumapili mchana, ukizima kipindi cha kantri utapigiwa simu na kijiji kizima.

Yordani alitaka kuufanya upya "Nimekuwekea Maji" kwa mtindo wake. Alikuja na gitaa akatuimbia pale mapokezi, na mwili ulinisisimka. Mwendo aliubadilisha ukawa wa kutembea, kama punda anayerudi nyumbani bila kufukuzwa, na mahali pa kinanda cha Bernardo alitaka kuweka fidla. Ila alikuwa amegeuza maneno. Aliimba "umeniwekea maji", kwa sababu alipojaribu yale ya asili pale kituoni Segera, wauza machungwa walimwuliza tangu lini mwanamume akampashia mkewe maji ya kuoga.

Rosina akatoa kichwa nje ya mlango wa studio.

"Mwanangu, wimbo siyo suruali ya kaka yako. Haupunguzwi kiunoni ili ukutoshe."

Yordani akavua kofia, akaomba radhi. Kisha akaeleza kilichomleta hasa. Wimbo ungerekodiwa tarehe 20 Juni, kwa kuwa Peter, mpiga fidla wake, alikuwa anaondoka kwenda masomoni, na baada ya hapo ungepelekwa redio za nchi nzima. Alitaka ridhaa ya familia ya Sufiani, na alitaka jina liandikwe sawasawa. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba atalazimika kwenda Mombasa.

Rosina alinitazama kidogo. Akaenda kwenye kabati, akahangaika na kufuli lililoshika kutu, akarudi na kaseti yenyewe. Lebo ilikuwa ya mwandiko wake, wino umefifia: Mama Sufiani, Kwamsisi, 14/3/96. Akaiweka mezani mbele yangu.

"Ramadhan," akasema, "'Mama' umelipeleka wapi?"

Nilimweleza. Angefoka ningepona. Hakufoka. Alikaa kwenye kiti chake cha miguu mitatu na nusu, akasema kosa la kwanza ni lake, kwa sababu hakuuliza jina la mtu, na mimi nilikata tu kile kidogo alichokiandika. Kwa miaka yote hii, kila mfanyakazi mpya alipoingia, Rosina alimpitisha mbele ya lile kabati na kumwambia kwamba maktaba haina haki ya kusema uongo, hata mdogo. Sasa alikuwa amebakiza miezi minne, na uongo mkubwa kuliko wote ulikuwa wa kwetu na ulikuwa unajiandaa kuzunguka nchi nzima. Alisema hatastaafu mpaka ameurekebisha, na mimi nikamwamini, maana najua anavyosema mambo anayoyamaanisha.

Mvua zilipopungua mwezi wa tano tukaenda Kwamsisi. Tulishuka kwenye lami, tukapanda bodaboda mbili, na Rosina alibeba mkoba wake magotini kama mtoto mchanga. Hatukuwa na jina la kuulizia. Tulipouliza Mama Sufiani, vijana wakatikisa vichwa. Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye pancha akasimama, akafikiri, akasema, "Aa, mnamtafuta Bibi Yusra," akatuonyesha njia.

Tulimkuta akipukuchua mahindi barazani. Ni mrefu bado, ana miaka sabini sasa. Rosina akapiga goti, "Shikamoo, mama," akapokewa, tukaletewa maji. Tukasalimiana habari za mvua na za shamba mpaka zikaisha. Ndipo Rosina akamweleza kosa letu lote, lake na langu, hakuficha kitu, hata Mombasa alimwambia. Akasema amekuja kuomba msamaha na kuandika jina lake la kweli, ili wimbo utakapotoka upya kila mtu ajue ni wake.

Yule mama alicheka sana kwa habari za Mombasa. Alipomaliza kucheka akatwambia anaitwa Mwanaisha Kibwana, na kwamba tangu baba yake afariki hajamsikia mtu akilitamka hilo jina lote. Kisha akarudi kwenye mahindi yake, akasema tusiandike.

"Acheni kama lilivyo."

Rosina akamwuliza kwa nini, na haya ndiyo aliyotujibu. Nayaandika kama alivyoyasema, kwa ridhaa yake.

"Sufiani ni mwanangu wa kwanza. Nilimpata nimeshakata tamaa. Alifariki mwaka tisini na tatu, ana miaka sita, kwa homa ya siku mbili. Shule hakuanza, picha hakupiga. Mdogo wake Chausiku alikuwa mdogo, hamkumbuki. Baba yao hayupo. Hapa kijijini nilikuwa Mama Sufiani, lakini Chausiku alipozaa, watu wakaanza Bibi Yusra, Bibi Yusra, na wale wa zamani wakaniishia. Sasa hakuna anayemtaja mwanangu. Ni redio tu. Kila Ijumaa mnasema Sufiani. Mnataka mumtoe na huko?"

Hakulia. Sisi ndio tulioangalia chini. Wimbo ambao nusu ya wilaya mbili wameufungia ndoa ulikuwa wa mtoto anayerudi kutoka kucheza, amejaa vumbi. Tuliuimba miaka ishirini na tisa bila kujiuliza mume gani mtu mzima anayeogeshwa kwenye beseni.

Kurudi, tulishuka Segera. Hapo Rosina akanunua machungwa ambayo hakuyala. Nilimwelewa. Akiandika ukweli, atamfuta mtoto wa mtu mahali pekee alipobaki. Akiacha, atakabidhi maktaba yenye uongo ndani yake, na Mwanaisha Kibwana ataendelea kuwa dada mmoja tu wa bendi. Nikamshauri tuandike majina yote mawili kwenye lebo. Akanijibu kwamba hata ile lebo ya kwanza ilikuwa sahihi, na mimi niliipunguza kwa mchana mmoja. Atakayekuja baada yetu ataona haraka yake na kuipunguza tena.

Siku tatu alifanya kazi kama kawaida. Siku ya nne akaomba likizo ya siku moja, ya kwanza ninayoikumbuka ambayo haikuwa ya ugonjwa wala msiba, akachukua kinasa sauti kidogo na kwenda Kwamsisi peke yake. Alirudi jioni, akaniita, akanivalisha hedifoni.

Nilisikia kuku, kisha sauti ya mama mzee, tulivu: "Mimi ni Mwanaisha Kibwana wa Kwamsisi. Wimbo huu ni wangu. Nilimtungia mwanangu, Sufiani." Sekunde kumi na moja.

"Hayo yatakaa mwanzoni kabisa," Rosina akasema, "ndani ya wimbo wenyewe. Karatasi hubanduka. Hii mtu akitaka kuikata, itabidi akate kwa masikio yake, akisikia anachokikata."

Mwanaisha alikuwa amekubali alipoelewa kwamba hatatolewa mtu ili aingie mwingine. Sharti lake lilikuwa moja: tusimtangaze mtoto kwa kifo chake, tumtaje tu.

Tarehe 20 Juni Yordani alikuja na Peter na fidla. Kabla ya kuwasha chochote, Rosina akawasikilizisha zile sekunde kumi na moja, kisha akawaeleza. Yordani alivua kofia akaiweka chini ya kiti, na siku hiyo hakuivaa tena. Aliimba "nimekuwekea maji" kama ilivyotungwa. Baadaye alisema haoni tena aibu yoyote, maana baba naye humwogesha mwanawe, na wauza machungwa wa Segera waseme wanachotaka. Rosina hakuwahurumia hata hivyo. Aliwarudisha mara sita: mara pumzi, mara mguu wa Peter unaogonga sakafu, mara kitu alichokisikia yeye peke yake. Mara ya saba alizima taa nyekundu ya kurekodi akasema, "Nendeni mkale."

Ijumaa iliyopita, tarehe 27, tuliupiga kwa mara ya kwanza kwenye salamu. Rosina alikaa mwenyewe mezani, na mimi aliniagiza nisitie neno, nisalimie tu na ninyamaze. Ilikuwa vigumu, lakini nilinyamaza. Sauti ya Mwanaisha ikaenda hewani, fidla ikaingia nyuma yake, na Yordani akaimba.

Wimbo haujafika mwisho, simu ya studio ikaita. Rosina akaiweka kwenye spika, akapunguza sauti.

"Shikamoo. Mimi Yusra, wa Kwamsisi. Huyo aliyeongea ni bibi yangu?"

"Marahaba. Ndiye, mwanangu."

Tulimsikia msichana akigeuka, bila kukata simu, akiita kuelekea uani.

"Bibi! Sufiani ndiye nani?"

Kisha kigoda kikavutwa, na sauti ya mzee ikasogea karibu.

"Ni mjomba wako. Njoo ukae hapa. Huyo alikuwa hapendi kuoga, basi ukimwona anavyokimbia..."

Msichana akaanza kucheka, na bibi naye. Tulikuwa watu watano ndani ya chumba kile, wote tumeinama kwenye spika, na kinasa sauti kiko mezani, kitufe chake kikingoja kubonyezwa. Rosina hakukigusa. Alinyoosha mkono akakata simu taratibu, akafuta uso kwa upindo wa kitenge chake.

"Hayo si ya redio," akasema.

Dada Rosina, Mama Upendo kwa jina la mwanao, wafanyakazi wa Redio Njiapanda tunakushukuru kwa kila sauti uliyoitunza, na kwa hiyo moja uliyowaachia wenyewe. Mungu akupe afya njema, mvua za kiasi, na majirani wenye redio zisizokwaruza. Kapumzike vizuri kule Dindira.